Kontrola ya Sola Haijui Ukubwa wa Betri Yako

Shangazi yangu anaishi kijijini, nje kidogo ya Handeni, na ndani ya miaka miwili aliua betri mbili. Nasema "aliua" kwa sababu ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Ukweli ni kwamba tuliziua sisi tuliomfungia. Ya kwanza ilikuwa betri kavu ya ampea-saa 7 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), ile ndogo ya kwenye UPS, kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Ikavimba ubavuni kama mkate uliozidishiwa hamira. Ya pili ilikuwa ya ampea-saa 18. Hiyo haikuvimba wala kuvuja, ila ilifika mahali taa zinawaka nusu saa baada ya magharibi, kisha giza. Kontrola, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli, betri na taa, ilikuwa ileile mara zote mbili, nzima, kioo kinawaka, kipicha cha betri kimejaa vistari. Hakuna aliyeishuku.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni "niisetie namba ngapi?" Jibu la mafundi wengi ni "iache ilivyo, imeshasetiwa kiwandani." Kwa betri kubwa ya maji, jibu hilo linaweza kupita. Kwa betri ndogo linakula hela.

Kontrola ya bei ya chini, ile yenye kioo na vitufe vitatu inayouzwa kila duka la umeme, ina milango miwili. Mmoja uko kati ya paneli na betri, mwingine kati ya betri na taa. Kazi yake mchana kutwa ni kusoma volti za betri na kuamua mlango upi ufunguke na upi ufungwe. Basi. Haipimi ampea-saa, haijui betri ina umri gani, haijui kama ni ya 7 au ya 200. Betri zote mbili hizo zikiwa zimejaa na kupumzika husoma volti 12.7 hadi 12.9, na kwa kontrola ni ndugu wa tumbo moja. Hata vile vistari kwenye kipicha cha betri vinatokana na volti tu, ndiyo maana saa sita mchana betri iliyochoka kabisa inaonyesha imejaa: jua linaisukuma, volti zinapanda, kontrola inafurahi.

Maandishi ya 10A, 20A au 30A yaliyopo usoni mwake nayo yanachanganya watu. Nimewahi kusimama dukani nikamsikia mteja akishauriwa achukue ya 30A "ili ijaze haraka". Namba ile ni kama tani zilizoandikwa ubavuni mwa lori. Tani saba maana yake linaweza kubeba tani saba bila kuvunjika. Haina maana kwamba likifika kwako litashusha tani saba. Mzigo unatoka kwenye paneli. Paneli ya wati 50 hutoa karibu ampea 2.8 jua likiwa kali, ya wati 100 karibu 5.5, na kontrola za aina ya PWM, ambazo ndizo nyingi, huunganisha paneli na betri moja kwa moja. Ampea zinazotoka juu ya bati ndizo zinazoingia kwenye betri.

Sasa chukua betri ya 7 uigeuze usome ubavuni. Karibu zote zimechapwa maneno mawili matatu ambayo watu huyapita. Mojawapo husema "initial current: less than 2.1A", yaani mkondo wa kuanzia kuchaji usizidi ampea 2.1. Hiyo ni asilimia 30 ya ukubwa wa betri. Betri ya shangazi iliyovimba ilikuwa ikipokea 5.5 kutoka kwenye paneli ya wati 100, kwa sababu aliyetuuzia alisema paneli kubwa haina hasara. Mkondo ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ulioruhusiwa, na kontrola haikuwa na kosa lolote: hakuna mahali popote kwenye menyu yake unapoweza kuiambia "usizidishe ampea mbili". Ikifika volti za juu huanza kuukatakata mkondo, inafungua na kufunga mara nyingi kwa sekunde, lakini kabla ya hapo inaachia wote.

Kwa hiyo mpangilio wa kwanza wa betri ndogo hufanyika dukani, kabla hujagusa kitufe. Ili betri kavu iishi kwa raha, mpe ampea zilizo kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tano ya ukubwa wake. Ya 18 inataka ampea 1.8 hadi 3.6, yaani paneli ya wati 40 hadi 60. Ya 7 inataka paneli ya wati 15 hadi 25, na hapo utaona jinsi betri hiyo ilivyo ndogo kweli.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wakati wa masika, mawingu yakikaa siku tatu, paneli kubwa ndiyo inayokusanya kidogo kilichopo, na ya wati 50 inaweza isitoe hata nusu ampea. Mtu aliyefunga paneli kubwa anacheka Aprili. Tatizo ni Januari. Mimi nimechagua kukosa taa jioni mbili tatu za masika kuliko kuchemsha betri kiangazi chote, lakini kama una hela ya kuongeza, ongeza betri, halafu paneli kubwa itakuwa halali yake.

Kontrola za MPPT ni habari nyingine. Hizo hubadilisha volti za ziada za paneli kuwa ampea, na baadhi hukuruhusu kuweka kikomo cha mkondo wa kuchaji. Lakini herufi MPPT zimechapwa kwenye masanduku mengi ambayo ndani ni PWM tupu. Ya kweli ina koili nene ya waya wa shaba ndani na ina uzito mkononi. Ikiwa nyepesi kama rimoti ya televisheni na bei yake ni ya rimoti, usijidanganye.

Volti mbili kwenye betri moja

Rudi ubavuni mwa betri, kwa sababu hapo ndipo penye fundo lenyewe. Utakuta mistari miwili ya volti. Mmoja umeandikwa "cycle use", mara nyingi 14.4 hadi 15.0. Mwingine "standby use", mara nyingi 13.5 hadi 13.8. Ni betri moja, kwa nini iwe na volti mbili za kujazia?

Inategemea maisha utakayoipa. Betri ya UPS ofisini hukaa imejaa mwaka mzima, ikisubiri umeme ukatike. Chaja yake iko juu yake usiku na mchana, kwa hiyo inasukuma taratibu kwa 13.7 hivi, kiasi cha kufidia kinachovuja chenyewe. Hiyo ndiyo standby. Betri ya sola haina anasa hiyo. Kila usiku inatolewa, kila mchana ina saa chache za jua kurudisha kilicholiwa. Hiyo ndiyo cycle, na inahitaji kusukumwa hadi 14.4 au karibu na hapo, ishikiliwe hapo saa mbili tatu, ndipo ijae kweli. Ukiipa 13.7 peke yake haitajaa ndani ya siku moja, maana betri ya risasi, jamii ya hizi zote za kavu na za maji, hupokea robo tatu ya kwanza upesi na robo ya mwisho kwa kusuasua, kama mtoto anayemalizia uji.

Kwenye kontrola nyingi za vitufe vitatu namba ya kwanza utakayoikuta ni hiyohiyo 13.7, nayo huitwa floti. Watu huiona, wanadhani ndiyo volti ya kujazia, wanaipandisha hadi 14.4 "ili ijae vizuri". Sasa betri inashikiliwa 14.4 tangu saa nne asubuhi hadi jioni, siku zote, hata kama imejaa saa tano. Floti ni volti ya kuilinda betri baada ya kujaa. Iache 13.6 au 13.7. Volti ya juu, ile ya kusukumia, haipo kwenye namba hiyo. Imefichwa ndani ya herufi b.

b1, b2, b3

Ukiendelea kubonyeza menyu utafika kwenye b1, b2, b3. Karatasi inayokuja na kontrola itakwambia, kwa mfano, b1 ni betri kavu, b2 ni ya jeli, b3 ni ya maji. Ukisoma kwa makini zaidi utaona kila moja ina volti yake: kwenye aina nyingi b1 ni 14.4, b2 ni 14.2, b3 ni 14.6. Ukishajua hivyo, acha kuzisoma kama majina ya betri. Ni volti tatu tu, na una ruhusa ya kuchagua inayokufaa.

Ya kwetu ilikuwa kwenye b3. Sijui nani aliiweka. Huenda ilitoka dukani hivyo baada ya watoto wa muuzaji kuichezea. Volti 14.6 zinaifaa betri ya maji, ambayo ikichemka kidogo asidi inachanganyika vizuri na maji yakipungua unafungua vifuniko unaongeza. Betri kavu haina kifuniko. Maji yake yakigawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi hizo hutakiwa kurudiana ndani kwa ndani. Zikizalishwa haraka kuliko zinavyorudiana, vali ndogo hufunguka zikatoka, na maji yaliyotoka hayarudi tena. Betri inakauka. Weka juu yake ampea 5.5 na chumba chenye bati lisilo na dari, na ule uvimbe ulikuwa ni suala la miezi.

Joto lenyewe linastahili aya yake. Volti za ubavuni zimeandikwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, volti ya kujazia betri ya risasi ya volti 12 inatakiwa ishuke kwa karibu volti 0.018 au zaidi kidogo. Inaonekana kama si kitu. Chumba cha nyuzi 35 kinakupa nyuzi 10 za ziada, yaani 0.18, na 14.4 yako sasa inatakiwa kuwa 14.2. Kontrola nzuri ina kihisio cha joto unachokigandisha kwenye betri, nayo hujirekebisha. Ya vitufe vitatu haina, au ina kilichojificha ndani ya sanduku lake lenyewe, kikipima joto la sanduku. Ndiyo maana kwa Tanga, Mtwara, Handeni au Mombasa mimi huichagulia betri kavu ndogo b2, ile ya 14.2, ingawa karatasi inasema ni ya jeli. Kwa Njombe au Makete mwezi wa saba, chumba kikiwa na nyuzi 10, hesabu inageuka: betri ileile inataka karibu 14.7, na ukiipa 14.2 itaishi nusu tupu bila wewe kujua.

Tahadhari moja kubwa kabla hatujaendelea. Si kontrola zote zinatumia mpangilio huo wa b. Zipo ambazo b2 au b3 ni za lithiamu, na volti zake ni tofauti kabisa. Soma karatasi ya hiyo uliyonayo mkononi. Ikiwa karatasi imepotea, na mara nyingi imefungiwa karanga, nitaeleza mbele namna ya kuikamata kontrola kwa tesita, kile kipimio cha volti.

Betri ya pili na namba 10.7

Iliyofuata ilikuwa ya ampea-saa 18, na tulikuwa tumejifunza: paneli ikashushwa kuwa ya wati 50, ile ya 100 ikahamia kwa mpwa wangu mwenye kinyozi na betri kubwa. Herufi tukaiweka sawa. Tukasahau upande wa pili, mlango wa kwenda kwenye taa.

Kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na volti ya kukatia taa ya 10.7. Maana yake, taa zitaendelea kuwaka hadi betri ishuke hapo. Ukimuuliza mtu aliyezoea betri za gari atakwambia 10.7 si mbaya, kwa sababu gari likipigwa stata volti hushuka hata chini ya hapo na betri haifi. Lakini stata inavuta ampea nyingi kwa sekunde chache; volti zinainama kwa uzito, kisha zinanyanyuka. Taa tatu za LED za wati 3 kila moja zinavuta ampea 0.75 tu. Kwa mvuto mwepesi namna hiyo volti haziinami. Zikisoma 10.7, ni kwamba betri imeisha kabisa. Kipimo chenyewe cha ampea-saa 18 hupatikana hivi: betri inatolewa taratibu kwa saa 20 hadi ifike 10.5, ndipo inahesabiwa tupu. Kwa hiyo kontrola iliyosetiwa 10.7, kwa mwenye taa ndogo, ni mlinzi anayefika baada ya wezi kuondoka.

Betri ya risasi ikitolewa, mabamba yake huvikwa salfeti ya risasi. Ukiijaza mapema, salfeti inayeyuka kurudi kwenye asidi. Ikilala tupu usiku, na kesho yake mawingu mchana kutwa, na keshokutwa tena, chembe zile zinakuwa kubwa na ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Shangazi alikuwa akiwasha taa zote hadi zizime zenyewe, na kwa nini asifanye hivyo? Tulimwambia kontrola inalinda betri.

Watengenezaji wa betri kavu ndogo kwa kawaida huahidi mizunguko 200 na kitu ukiimaliza betri kila mara, na 1,000 au zaidi ukila theluthi moja tu. Mizunguko 200 ni miezi saba. Hesabu ilitimia karibu na siku.

Kwa taa na simu, weka volti ya kukatia kati ya 11.8 na 12.0. Hapo betri bado imebaki na akiba. Baadhi ya kontrola hugoma kupanda hadi hapo, zinaishia 11.5 au hata chini. Basi weka ya juu kabisa inayokubali, kisha tumia saa, ambayo nitaifikia.

Pamoja nayo kuna volti ya kurudishia taa, kiwandani mara nyingi 12.6. Usiisogeze karibu na ya kukatia. Betri ikitua mzigo hujinyanyua yenyewe, volti zinapanda kwa 0.3 au 0.5 bila kuchajiwa hata kidogo. Ukiweka kukata 11.9 na kurudisha 12.1, taa zitazima, betri itapumua, taa zitawaka, zitazima tena, na jirani atadhani una disko. Mpe nafasi: 12.6 hadi 12.8, kiasi kwamba taa hazirudi mpaka jua la kesho limefanya kazi.

Kisha saa. Kwenye kontrola nyingi, 24H maana yake upande wa taa uko wazi muda wote. Namba kati ya 1 na 23 maana yake taa ziwake jua likizama na kuzima baada ya saa hizo. Na 0H ziwake machweo hadi mapambazuko. Kontrola haina saa ya ukutani ndani yake, inatambua giza kwa paneli kukosa volti. Kwa mtu mwenye betri ndogo naona hii ndiyo seti yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo pekee inayohesabu kitu kinachofanana na matumizi. Taa za wati 9 kwa saa 4 ni wati-saa 36, gawanya kwa 12, ni ampea-saa 3. Betri ya 18 hata haitoki jasho. Simu zichajiwe mchana, jua likiwa linalipa.

Waya unaosema uongo

Unaweza kuseti kila kitu sawasawa na bado kontrola ikadanganyika, kwa sababu inasoma volti kwenye skrubu zake yenyewe, si kwenye betri. Waya wa shaba wa milimita 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.0115 kwa mita. Betri ikiwa mita 3 kutoka kwenye kontrola, umeme unasafiri mita 6 kwenda na kurudi, jumla omu 0.07. Kwa ampea 5 unapoteza karibu volti 0.35 njiani. Kontrola inasoma 14.4 na kutosheka, betri inapata 14.05. Usiku inageuka: betri ina volti zake, kontrola inaona pungufu na kukata taa mapema. Weka kontrola karibu na betri, mita moja au chini, kwa waya wa 2.5, na uovu huo unashuka chini ya 0.1. Waya mrefu uwe wa kutoka kwenye paneli, huko kuna volti za kutupa. Fyuzi iwe karibu na chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Kufunga kuna mpangilio, nao si ushirikina wa mafundi. Betri kwanza, halafu paneli, taa mwisho. Kufungua ni kinyume: taa, paneli, betri. Kontrola ikipata betri kwanza inajua iko kwenye mfumo wa volti 12. Ikipata paneli kwanza inakutana na volti 22 hivi za paneli isiyo na mzigo, na yenye kujitambulisha yenyewe inaweza kuamini imefungwa kwenye betri ya 24. Kinachofuata ni kuchaji bila kikomo.

Hasi ya taa ipite kwenye skrubu yake ya kontrola. Kontrola nyingi za aina hii hukatia upande wa hasi, hivyo fundi anayechukua njia ya mkato na kuunganisha hasi ya taa kwenye hasi ya betri ameuondoa ule mlango wa pili, na seti zote za kukatia zinabaki mapambo. Inveta nayo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, haifungwi kwenye skrubu za taa, itaziunguza. Inaenda kwenye betri yenyewe na fyuzi yake. Ukifanya hivyo kumbuka kwamba kontrola haiwezi tena kuizuia. Inveta ina kikomo chake, kwa kawaida karibu 10.5, na umeshajua namba hiyo inamaanisha nini. Kwenye betri ya 18, inveta mimi siishauri kabisa.

Ikiwa betri ni ya lithiamu

Betri ndogo za lithiamu zimeingia sokoni kwa kasi, na hapa kosa la kitufe linaweza kuwa la moto. Kuna jamii mbili zinazoitwa "lithiamu ya volti 12" na zisizofanana. Yenye maandishi LiFePO4 ina seli nne za 3.2, jumla 12.8, na hujazwa kwa 14.2 hadi 14.6. Ile inayotengenezwa kwa seli za mviringo, mara nyingi zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato, zikiwa tatu mfululizo, husomeka 11.1 na kujaa kwenye 12.6. Ukiiacha kontrola kwenye b1 ya betri ya risasi, unaisukumia hiyo ya pili volti 14.4, yaani 4.8 kwa seli ambayo kikomo chake ni 4.2. Kinachobaki kati yako na moshi ni kibao cha ulinzi ndani ya betri, kile mafundi wanachokiita BMS, na vya bei chee vipo visivyokata. Betri za namna hiyo zisifungwe kwenye kontrola isiyo na seti yake. Sina ulaini katika hilo.

LiFePO4 ni mpole zaidi. Haitaki kurekebishwa kwa joto, haitaki ile chaji ya kuchemsha ya betri ya maji, na haiudhiki kulala nusu. Weka 14.2 au 14.4, floti 13.5, kukata 12.0. Ila usiamini vistari: volti zake hukaa kati ya 13.0 na 13.3 karibu safari nzima, kisha zinaporomoka ghafla mwishoni. Na kibao chake kikijikata wakati jua ni kali, kontrola inabaki na paneli bila betri, na volti za paneli zinaweza kukimbilia kwenye taa. Taa za LED za bei nafuu hufa hivyo.

Tesita

Nilisema kontrola inaweza kukamatwa. Siku ya jua kali, betri ikiwa ilijaa jana yake na hakuna kinachotumika, kaa na tesita kwenye vichwa vya betri yenyewe, kuanzia saa nne asubuhi. Volti zitapanda, zitasimama mahali fulani kwa muda, kisha zitashuka kidogo na kutulia. Mahali ziliposimama ndiyo volti halisi ya b uliyochagua, hata kama karatasi ilisema vingine. Zilipotulia ni floti. Kwenye kontrola ya shangazi, iliyosetiwa 14.2, tesita ilisoma 14.3, kioo kikisema 14.1. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida, ndiyo maana nasoma tesita. Zikivuka 14.8 kwenye betri kavu, ondoa paneli. Alfajiri kabla jua halijatoka pima tena: 12.5 na kuendelea, betri imelala vizuri. Ikisoma 12.2 kila siku, unaishi nusu. Chini ya 12, mtu anatumia kuliko jua linavyolipa, na hakuna kitufe cha kuliponya hilo.

Betri ya tatu, ya 18 pia, tulimfungia na b2, floti 13.7, kukata 11.8, kurudisha 12.7 na saa 4. Wiki ya pili simu ikaita.

"Mwanangu, taa zinazima saa nne na nusu kama bweni la shule. Betri imekufa tena?"

Nikamwambia haijafa, tumeipangia. Akanyamaza kidogo.

"Mmeipangia nyie mliolala mapema huko mjini. Mimi nina mahindi ya kupukuchua."

Saa moja ya taa tatu ni ampea-saa 0.75. Nikamuelekeza kwa simu: bonyeza menyu mpaka ifike kwenye H, shikilia mpaka ipepese, bonyeza cha juu mara moja, shikilia tena. Nilimsikia akihesabu kwa sauti. Sasa ni 5H.